Niliambiwa nina mafuta kuzunguka moyo, nikakimbizana na mafuta nikaisahau presha

Leo ni mwaka na miezi minne tangu nianze dawa za presha kwa mara ya pili. Nasema mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza niliziacha mwenyewe bila kumwambia mtu, na sababu iliyofanya niziache ndo inayonifanya niandike hapa, maana nimeshakutana na watu watatu waliotaka kufanya kosa lile lile baada ya kuambiwa na wao "una mafuta kwenye moyo".

Nilikuwa na miaka 43. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa, na kwa nje ukiniona huwezi kuniita mnene, mikono ya kawaida, miguu ya kawaida, uso wa kawaida, ila tumbo. Tumbo lilikuja taratibu sana, mwaka huu nasogeza tundu moja la mkanda, mwaka ujao tundu lingine, nikawa najiambia ni umri. Kilichonipeleka hospitali ni ngazi. Ofisi iko ghorofa ya tatu na nilianza kufika juu nimeishiwa pumzi, nasimama mlangoni najifanya naangalia simu mpaka pumzi irudi ndo naingia, na hii ilienda kama miezi mitano kabla sijaenda kupima.

Nesi alipima presha akakuta 164 kwa 102. Akaniambia tulia kaka, kaa dakika tano, akarudia, 160 kwa 100. Nikarudishwa siku mbili tofauti, ikawa hivyo hivyo. Daktari akanianzishia dawa ya presha, amlodipini miligramu 5, akaagiza damu ya sukari, kolesteroli na figo, kipimo cha umeme wa moyo, na eko, yaani kupiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kwa sababu ya ile kukosa pumzi.

Eko kama hujawahi kufanya haiumi. Unalala kwa ubavu wa kushoto, mkono umeuweka chini ya kichwa, unapakwa jeli ya baridi, alafu anayepima anakandamiza kile kifaa katikati ya mbavu. Kwenye skrini unaona kitu cha kijivu kinafunguka na kufunga, mara kunatoka sauti ya damu inapita, fwaa, fwaa. Mi nilikuwa natazama uso wa yule mpimaji kuliko skrini. Alikaa sehemu moja muda mrefu, akakunja uso, akapiga picha nyingi. Ripoti ikaja imeandikwa kuna maji kidogo mbele ya moyo.

Usiku ule nikaingia kwenye simu kusoma maji kwenye moyo. Sitaki kurudia niliyoyasoma. Usiku wa kwanza sikulala, wa pili sikulala, wa tatu nikaamka nikaenda kukaa sebuleni nikaanza kuhesabu nina akiba kiasi gani na watoto wamebakiza miaka mingapi shule. Mke wangu akanikuta pale gizani, ndo nikamwambia, yeye akasema kesho tunaenda kwa daktari wa moyo mwenyewe, hatusomi tena simu.

Daktari wa moyo alikuwa mtu mzima mtaratibu. Akaomba zile picha, mi nilikuwa na karatasi tu, picha zenyewe sikuziomba, kwa hiyo ikabidi eko irudiwe na nikalipa upya. Hapo tayari nimeshapoteza hela ambayo nisingeipoteza, kwa hiyo ukifanya eko popote omba picha kwenye flashi au diski, usiondoke na karatasi peke yake.

Aliporudia akanigeuzia skrini. Akaniambia angalia huu mstari hapa mbele ya moyo, unaona una rangirangi ndani, siyo mweusi kabisa? Na unaona moyo ukisogea na wenyewe unasogea? Haya siyo maji, haya ni mafuta. Maji yangekuwa meusi, na yangeanza kujikusanya nyuma kwanza kwa sababu ndo chini ukiwa umelala, siyo mbele peke yake. Akasema watu huchanganya hivi mara nyingi tu. Nilishusha pumzi mpaka machozi yakanitoka pale kitandani na jeli kifuani.

Alafu akasema mambo matatu, nakumbuka kwa sababu mke wangu aliyaandika. Moja, ukuta wa upande wa kushoto wa moyo umenenepa kidogo, milimita 13, wa kawaida hauzidi kama 11 hivi kwa mwanaume, na unene huo ni kazi ya presha ya muda mrefu, moyo umekuwa ukisukuma dhidi ya mgandamizo kwa hiyo msuli umejaa kama msuli wa mtu anayenyanyua vyuma, ila kwa moyo huo siyo uzima. Mbili, mafuta ya kuzunguka moyo yamefika milimita 8, yanaendana na tumbo. Tatu, dawa ya presha usiache.

Mi nilisikia la pili tu.

Hapa ndo penyewe, na nataka nieleze vizuri kwa sababu hata watu waliosoma hawalijui hili. Nilivyosikia mafuta kwenye moyo nilifikiri ni kama bomba limeziba na grisi, nikafikiri damu inashindwa kupita na siku yoyote nadondoka. Siyo hivyo kabisa. Yale yanayoziba mishipa yanajengeka ndani ya ukuta wa mshipa wa damu, ndo hayo ya kolesteroli. Haya ninayoyaongelea yako nje, juu ya msuli wa moyo wenyewe, chini ya ule mfuko unaoufunika moyo. Kila binadamu anayo. Kwa mtu wa kawaida kabisa ni kama asilimia 20 ya uzito wa moyo, yamekaa kwenye mifereji ile inapopita mishipa inayolisha moyo, yanaikinga isigongwegongwe na yanaupa moyo chakula maana moyo unaendeshwa sana na mafuta. Kwa hiyo kuwa nayo siyo ugonjwa. Shida ni yakizidi.

Na yakizidi shida yake ni kwamba kati ya hayo mafuta na msuli wa moyo hakuna ukuta wowote, wanatumia mishipa midogo ile ile ya damu. Mafuta siyo kitu kimelala tu, yanatoa kemikali. Yakiwa kiasi yanatoa zile nzuri, yakijaa sana yanaanza kutoa zile zinazochochea mwili kuwa kama una kidonda kisichoonekana, na moyo uko hapo hapo jirani unazipokea moja kwa moja.

Sasa badala ya kuelewa hivyo, mi nikaanza kutafuta cha kuyayeyusha. Mtu mmoja niliyemwamini akanielekeza kwa muuzaji wa dawa za kusafisha mafuta, chupa tatu na unga wa kuchanganya na maji ya moto asubuhi. Nilitoa hela nyingi, nyingi kuliko eko zote mbili. Yule muuzaji akaniambia ukitumia hii usichanganye na dawa za hospitali, zinagombana, na presha yenyewe itashuka mafuta yakiisha. Nikakubali, kwa sababu ilikuwa inaendana na nilichotaka kusikia, kwamba chanzo ni mafuta, na nikitoa chanzo sihitaji kumeza kidonge maisha yangu yote. Nikaacha amlodipini. Mke wangu sikumwambia, nilikuwa natoa kidonge kila asubuhi nakitupa ili aone vinapungua. Naona aibu kuandika hivi lakini ndo ilivyokuwa.

Na mwili haukuniambia kitu. Hiyo ndo hatari ya presha, nilijisikia vizuri kabisa, hata kichwa hakikuuma. Kwa vile nilikuwa nashinda na njaa nilipungua kilo mbili nikaona dawa inafanya kazi.

Wiki ya saba jino likaanza kuniuma. Nikaenda kung'oa. Daktari wa meno kabla ya sindano akasema tupime presha kwanza, nikasema sawa. Kile kitambaa kikakaza mkono, kikaachia, akaangalia, hakusema kitu, akabadilisha mkono, akapima tena. 192 kwa 114. Akanikalisha nusu saa, akarudia, 188 kwa 112. Akaniuliza kifua kinauma? Unaona vizuri? Mkono au mguu una ganzi? Nikasema hapana. Akavua glavu akasema baba, mi siwezi kukung'oa jino leo, kwa presha hii damu inaweza kuendelea kutoka, na hofu ya sindano inaweza kuipandisha zaidi, nenda kwa daktari wako leo hii hii, siyo kesho. Na akaniambia kitu ambacho nawaambia na nyie, kwamba ningekuwa na namba zile pamoja na maumivu ya kifua, au kukosa pumzi, au mdomo kupinda, au maneno kutoka vibaya, au macho kufifia ghafla, hapo siyo kwenda kliniki, hapo ni dharura, unakimbizwa.

Nikaenda kwa yule daktari wa moyo na jino linauma vile vile. Nikamwambia ukweli wote mbele ya mke wangu, chupa, kutupa vidonge, yote. Mke wangu alinyamaza mpaka tulipofika nyumbani. Sitasahau ule ukimya.

Daktari hakunigombeza. Akavuta karatasi akachora tumbo, figo na moyo. Nitajaribu kueleza kama alivyoeleza. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka utumbo na figo, yakizidi yanafanya mambo kadhaa kwa pamoja. Yanazibana figo, na figo iliyobanwa inashikilia chumvi na maji, damu inakuwa nyingi kwenye mabomba yale yale, presha inapanda. Yanatoa homoni zinazoamsha mishipa ya fahamu ile ya kukurupuka, moyo unaenda kasi na mishipa ya damu inajikaza. Na yanachochea mfumo wa homoni za angiotensini na aldosteroni, ambao kazi yake ni kupandisha presha, ndo maana dawa nyingi za presha zinagonga hapo hapo. Mafuta ya kuzunguka moyo ni ndugu wa yale ya tumboni, yanakua pamoja, na yenyewe pia yanatengeneza malighafi ya angiotensini. Tafiti nyingi zimepima watu wenye presha zikakuta kwa wastani mafuta haya ni mazito kuliko kwa wasio na presha, na pia yameonekana kuendana na presha isiyoshuka usiku, maana ya kawaida inatakiwa ishuke kama asilimia 10 mpaka 20 ukiwa umelala.

Nikamuuliza kwa hiyo ni mafuta ndo yameleta presha au? Akasema kutembea pamoja siyo kwamba mmoja kamzaa mwenzake, haijathibitishwa kwamba yale ya kwenye moyo peke yake yanapandisha presha. Chukulia kama alama, akasema. Yanakuonyesha kilichoko tumboni ambacho suruali inakificha. Lakini kinachopasua mshipa wa kichwa, kinachoua figo na kinachonenepesha ukuta wa moyo ni presha, na presha ina dawa inayofanya kazi wiki hii. Mafuta yatachukua mwaka. Wewe ulikuwa unasubiri mwaka ndo utibu kitu cha wiki hii.

Nikarudi kwenye amlodipini, mwanzoni 5 alafu 10. Kwenye 10 vifundo vya miguu vikavimba, jioni soksi inaacha alama ya kina kabisa. Zamani ningeacha dawa kimya kimya, safari hii nikapiga simu kliniki, akairudisha 5 akaongeza losatani, dawa nyingine ya presha, uvimbe ukaisha. Kwa hiyo dawa ikikuletea shida sema, ziko aina nyingi, kuna ya kukohoza, kuna ya kuvimbisha miguu, kuna ya kukojoza, zinabadilishwa. Na kuna zingine ukizikata ghafla presha inaruka juu kuliko ilivyokuwa, usijaribu. Baada ya wiki tano hivi nikasoma 136 kwa 84, nikarudi kwa daktari wa meno jino likatoka bila shida.

Kitu kingine kilichofichuka ni vidonge vya maumivu. Goti langu la kulia lina shida ya zamani na nilikuwa nakunywa diklofenaki karibu kila siku, najinunulia tu dukani, na sikuwahi kumtajia daktari kwa sababu niliona goti na moyo haviusiani. Kumbe diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake zinafanya figo zishikilie chumvi na zinapandisha presha. Nilipoacha, namba za wiki ile ile zilishuka kidogo. Ukienda kliniki beba kila unachomeza, hata cha mafua, hata cha mitishamba, kimwage mezani.

Na kukoroma. Hilo mke wangu ndo alilisema, kwamba nakoroma alafu nanyamaza kabisa kama sekunde kumi na zaidi alafu nashtuka navuta hewa kwa nguvu. Alikuwa anajua miaka na hatukujua kwamba ni ugonjwa, pumzi inakatika usingizini, na ni moja ya sababu kubwa za presha isiyoshuka usiku. Nilipelekwa kupimwa, ikakutwa ya wastani, nikaambiwa nilale ubavu na nipunguze kiuno kwanza, tungerudia baadaye kuona kama nitahitaji mashine ya kusaidia kupumua usingizini. Kama unalala na mtu muulize, wewe mwenyewe huwezi kujua.

Tukanunua mashine ya presha ya nyumbani, ya mkono juu siyo ile ya kifundo cha mkono, na daftari. Nilikosea sana mwanzo. Nilikuwa nimetoka tu kuamka nimebanwa mkojo napima, au nimekaa kitandani mgongo hauna pa kuegemea na mkono unaning'inia, au naongea. Vyote hivyo vinapandisha namba. Sasa hivi naenda haja kwanza, nakaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote chini bila kupishanisha, mkono mezani usawa wa moyo, dakika tano kimya bila simu, kahawa sijanywa ndani ya nusu saa, napima mara mbili kwa kupishanisha dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Nyumbani wastani wa 135 kwa 85 kwenda juu unahesabika ni presha, ingawa kliniki wanatumia 140 kwa 90. Wastani, siyo namba moja. Kuna kipindi nilikuwa napima mara kumi na mbili kwa siku, nikiona 142 napata hofu, hofu inaleta 150. Mke wangu akaificha mashine siku tatu, alifanya vizuri.

Kuhusu mafuta yenyewe, hakuna kinachoyachukua ya moyo peke yake, sikudanganyi, yanapungua yale ya tumbo yakipungua, na mazoezi yameonekana kuyapunguza hata uzito usiposhuka sana. Nilianza kutembea dakika kumi kwa sababu ya goti, nikafika nusu saa siku tano kwa wiki, ndo zile dakika 150 wanazosema. Chumvi ilikuwa ngumu kuliko kutembea, inatakiwa isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha, na hiyo ni pamoja na iliyojificha kwenye vyakula vya pakiti. Wiki mbili kila kitu hakina ladha, ya tatu ulimi unazoea. Nilitaka kutumia chumvi mbadala ile ya potasiamu, bahati nzuri nikauliza kwanza, daktari akasema kwa anayetumia losatani au mwenye figo mbovu potasiamu inaweza kupanda mpaka ikasumbua moyo, kwa hiyo usinunue kabla hujauliza.

Mizani niliiacha, nikachukua futi ya fundi cherehani. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako, ndo kipimo rahisi nilichopewa. Mi nina sentimita 172, nilianza na kiuno cha 104, baada ya miezi kumi 95, bado sijafika. Kilo nilipungua saba tu. Kuna miezi miwili kiuno hakikusogea hata nusu sentimita na nilikata tamaa kabisa, siku mbili tatu sikutembea, nikarudi kwa sababu namba za presha kwenye daftari zilikuwa bado zinashuka.

Eko ya mwaka nilirudia hospitali ile ile kwa mpimaji yule yule, daktari ndo alisisitiza, kwa sababu mafuta haya yanapimwa kwa milimita na akipima mwingine kwa pembe nyingine unaweza kupata tofauti ambayo siyo ya kweli. Na hakuna namba moja iliyokubalika ya kusema hapa ndo mwisho wa kawaida. Yalikuwa 8 yakawa 6, ukuta wa moyo 13 ukawa 12. Nikafurahi, nikataka anipongeze kwa ile 6, yeye akageuza ukurasa akaomba daftari la presha, akasoma mwezi mzima kwa kidole, wastani 126 kwa 79, akasema hii hapa ndo nilikuwa naisubiri.

Mwezi uliopita mdogo wangu alikuja nyumbani akaiona mashine mezani, ana miaka 38, tumbo lake ni lile lile la kwangu na mkono wake ni mnene. Nikampima ikaja 158. Nikakumbuka kitambaa kidogo kwenye mkono mkubwa kinadanganya kinapandisha, siku iliyofuata nikatafuta cha saizi kubwa tukarudia kwa utaratibu, 148 kwa 94. Akacheka akasema kaka mimi sisikii chochote. Nikamwonyesha ukurasa wa wiki ile ya jino. Sasa kila jioni ananitumia picha ya mashine, na Jumatatu nampeleka kliniki, ameniomba niingie naye ndani.